Akiba ya Siku ya Kuanguka

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Historia.

Wanafunzi, fungueni madaftari. Nawe mwalimu wa darasa, tafadhali simama karibu na ubao na uwe na chaki mkononi, maana leo ubao wenyewe ndio kielelezo chetu.

Somo la leo ni historia ya jambo dogo ambalo watu wengi hawajapata kulisikia. Ni nafasi ambayo kompyuta huwekewa pembeni, wakati ingali nzima, kwa ajili ya siku itakapoanguka. Pengine mmoja wenu anasema moyoni: "Mimi ni mvuvi wa Sahare, kompyuta yanihusu nini?" Au mwingine: "Mimi nalima mihogo Pongwe, hayo ni ya watu wa ofisini." La, ndugu zangu. Tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza hapa Tanzania, shilingi unayotumiwa na mwanao hupita katika kompyuta kabla ya kufika mkononi mwako. Jina lako la kupigia kura limo katika kompyuta. Cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wako, vivyo hivyo. Mitambo hiyo ikianguka, swali la kwanza ni moja tu: imeanguka kwa nini? Na jibu hupatikana ikiwa kuna mtu aliyeweka akiba mapema.

Wahenga walisema akiba haiozi. Leo tutaona akiba ya namna ya pekee, kisha tutauliza swali gumu: akiba hiyo iwe kiasi gani, na ni nani anayeamua?

1. Ubao na daftari

Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka habari. Mahali pa kwanza ni kumbukumbu ya kazi, nayo ni kama ubao wa darasani. Ni rahisi kuandika hapo na ni rahisi kufuta. Mahali pa pili ni diski, nayo ni kama daftari. Kuandika katika daftari ni kazi ya polepole, lakini kilichoandikwa hubaki. Mchana kutwa kompyuta hufanya hesabu zake ubaoni, na yale yanayotakiwa kudumu huyanakili daftarini.

Sasa fikirini jambo hili. Mwalimu yuko kati ya hesabu ndefu. Ubao umejaa. Ghafla anaona kizunguzungu na kuanguka. Watu wanamchukua, na mwalimu mwingine anaingia darasani ili masomo yasisimame. Jambo la kwanza analolifanya ni kushika kifutio na kusafisha ubao. Darasa linaendelea na watu wanashukuru. Lakini pamoja na hesabu ile, imefutika pia dalili ya mahali kosa lilipotokea. Kesho hesabu ileile itaandikwa tena, na kosa lilelile litarudi.

Hivyo ndivyo inavyokuwa kompyuta ikianguka, kisha mtu akaizima na kuiwasha upya. Inafanya kazi, kila mtu anafurahi, na sababu ya kuanguka imekwenda na vumbi la chaki.

Dawa yake inajulikana: kabla ya kufuta ubao, nakili kila kilichomo. Nakala hiyo tutaiita picha ya kumbukumbu. Fundi akiipata, anaweza kukaa nayo kwa utulivu, hata baada ya siku kumi, na kusoma kompyuta ilikuwa ikifanya nini katika dakika yake ya mwisho.

Desturi ya kupiga picha hiyo ni ya zamani. Katika miaka ya 1950 kumbukumbu za kompyuta zilitengenezwa kwa vipete vidogo sana vya sumaku, vilivyotungwa katika nyaya kama ushanga. Mashine iliyoitwa Whirlwind, ya chuo cha MIT huko Marekani, ilifungiwa kumbukumbu ya namna hiyo mwaka 1953. Kila kipete kilishika neno moja tu, ndiyo au hapana. Mashine ilipokwama, yaliyomo katika vipete yalichapwa katika karatasi, na fundi akayasoma mstari kwa mstari. Tena vipete vile vilikuwa na sifa moja nzuri: umeme ulipokatika, havikusahau. Kumbukumbu za kompyuta zilizofuata ni za kasi kubwa zaidi, lakini umeme ukikatika husahau yote. Kwa hiyo kadiri mashine zilivyozidi kuwa na mbio, ndivyo ushahidi wa ajali zake ulivyozidi kuwa rahisi kupotea.

2. Shimo la Tabora

Kuweka ushahidi kabla ya kuanguka hakukuanza na mashine. Tuangalie jambo lililotokea katika nchi yetu wenyewe.

Wakazi wa Tanga mnajua habari za vita vya Novemba 1914, majeshi ya Waingereza yaliposhuka kutoka merikebuni na kushindwa na Wajerumani waliokuwa chini ya von Lettow-Vorbeck. Ushindi ule haukudumu. Mwezi wa Julai 1916 Waingereza waliingia mji wa Tanga, na serikali ya Kijerumani ikazidi kurudi nyuma. Mwezi wa Septemba mwaka ule majeshi ya Wabelgiji yaliutwaa mji wa Tabora.

Kabla ya kuondoka Tabora, Wajerumani walizika ardhini mafaili ya serikali yao. Mwaka 1921 yakafukuliwa. Leo mafaili ya Wajerumani ni sehemu ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na wanaotafuta habari za mashamba, za reli na za kodi za zamani huenda kuyasoma.

Sisi hatuna sababu ya kuisifu serikali ile, iliyowatoza babu zetu kodi ya nyumba tangu mwaka 1898 na kuwatumikisha katika mashamba. Lakini tazameni: serikali ilikufa, na habari zake hazikufa. Hata ubaya wake twaweza kuusoma leo, kwa sababu karatasi zilitengewa mahali. Andikeni mambo matatu katika madaftari yenu.

La kwanza, shimo lilichimbwa wakati mikono ingali na nguvu. Aliyekwisha kuanguka hawezi kuchimba.

La pili, mahali pale palikuwa mbali na pilikapilika za kila siku, hapakukanyagwa wala kuvurugwa.

La tatu, aliyefukua alikuwa mwingine, si yule aliyeanguka.

Shikeni mambo hayo matatu. Tutayakuta tena ndani ya kompyuta.

3. Mashine ya Wizara ya Fedha

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mashine ya aina ya ICT 1500. Nchi ilikuwa changa, Muungano ulikuwa na umri wa mwaka mmoja, na wasomi walikuwa wachache. Mashine ya kuhesabu mishahara na fedha za serikali ilionekana kuwa msaada mkubwa.

Baada ya miaka michache mambo yakaharibika. Jaribio la kuingiza hesabu za serikali katika kompyuta halikufaulu, na makarani wakalazimika kurudi katika vitabu na kalamu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Masharti hayo yalikuja kulegezwa polepole katika miaka ya 1980, na baadaye marufuku ikaondolewa.

Tusiseme kwamba sababu ilikuwa moja. Mipango ilikuwa na kasoro, fedha za kigeni zilitumika nyingi, na mafundi wa kutegemewa walikuwa wageni. Lakini kisa hiki chatufundisha jambo kubwa. Mtambo ukianguka mbele ya watu wasio na njia ya kusoma sababu, hubaki njia mbili tu: kumngoja mgeni aje aeleze, au kuufukuza mtambo. Taifa letu lilipita njia zote mbili. Yule awezaye kusoma habari za kuanguka ndiye mwenye mtambo kwa kweli. Aliyelipa bei peke yake bado hajawa mwenyewe.

4. Kiini cha pili

Sasa tuingie ndani ya kompyuta za siku hizi. Kila kompyuta ina programu kubwa inayosimamia nyingine zote. Inaitwa mfumo endeshi. Ndiyo inayogawa kazi na kumbukumbu, kama nyapara alivyogawa mistari ya katani asubuhi shambani. Sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi huitwa kiini. Programu ndogo ikianguka, kiini huiondoa na kazi inaendelea. Kiini chenyewe kikianguka, kompyuta nzima imeanguka.

Mwaka 1991 kijana mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, jina lake Linus Torvalds, alitoa kiini alichokiandika mwenyewe. Kikaitwa Linux. Mtu yeyote aliruhusiwa kukisoma, kukinakili na kukirekebisha bila malipo. Leo Linux huendesha kompyuta nyingi kubwa za mabenki, za makampuni ya simu na za serikali duniani, na simu zote za Android zina kiini cha Linux ndani yake.

Kwa miaka mingi Linux ilikuwa na upungufu mmoja. Kiini kilipoanguka, nani angeinakili kumbukumbu? Mafundi wa kwanza walikitaka kiini kilekile kilichoanguka kiandike picha yake katika diski. Mwaona hatari yake? Ni sawa na kumwambia karani aliyepandwa na homa kali, asiyejua kulia wala kushoto, achukue daftari kuu la hesabu na kuandika humo. Pengine ataandika vema. Pengine atachafua kurasa nzima, na hasara ya pili ikawa kubwa kuliko ya kwanza. Wengine walijaribu kuipeleka picha kwa waya hadi kompyuta ya jirani, lakini mpelekaji alikuwa mgonjwa yuleyule.

Jibu lilipatikana katika toleo la Linux la 2.6.13, lililotoka mwezi wa Agosti 2005. Ili tulielewe, tutazame desturi yetu ya pwani. Wazee wengi wa kwetu huweka sanda. Hununua bafta wakiwa wazima, wakaikunja na kuiweka chini kabisa ya kasha. Sanda hiyo haivaliwi sikukuu. Haikatwi kushonea mto. Hata mwaka wa shida, nguo zikiwa haba nyumbani, hakuna anayeigusa. Na siku yake ikifika, mwenyewe hawezi kujivika, wengine watamvika.

Mafundi wa Linux walifanya hivyohivyo. Kompyuta inapowashwa, kabla ya kazi yoyote kuanza, sehemu ya kumbukumbu hutengwa. Mwalimu, sasa piga mstari katika kona ya ubao na uandike: USIANDIKE HAPA. Ndani ya kona hiyo huwekwa kiini cha pili, kidogo, kilicholala. Kiini cha kwanza kikianguka, mambo huruka moja kwa moja kwenda kwa kiini cha pili, bila kompyuta kuzimwa na kuwashwa, na kwa hiyo ubao haufutwi. Kiini cha pili huamka ndani ya kona yake. Hakigusi yaliyo nje ya mstari, huyasoma tu, kisha huyanakili katika diski. Huruka kurasa tupu na kuzibana zilizobaki ili nakala isiwe kubwa kupita kiasi. Kikimaliza, ndipo huiwasha kompyuta upya.

Rudini sasa katika yale mambo matatu ya Tabora. Mahali palitengwa kabla. Mahali hapakuvurugwa. Na aliyefukua ni mwingine. Yote matatu yamo.

5. Kiasi gani?

Hapa ndipo ubishi ulipoanzia, na haujakwisha.

Kona ikiwa ndogo mno, kiini cha pili huamka, hujaribu kufanya kazi, hukosa nafasi, nacho huanguka. Basi tumepata maiti mbili na hatuna habari hata moja. Kona ikiwa kubwa mno, tumeinyima kompyuta nafasi ya kazi kila siku ya Mungu kwa ajili ya ajali ambayo pengine haitatokea mwaka huu wala mwaka ujao. Kumbukumbu iliyotengwa haisaidii kazi nyingine yoyote.

Hapo mwanzo, mwaka 2005, msimamizi wa kila kompyuta alitakiwa kuandika kiasi yeye mwenyewe. Mfano uliotolewa katika maelezo ya siku hizo ulikuwa megabaiti 64. Asiyeandika kitu hakutengewa kitu. Wasimamizi wengi hawakuandika, maana ni nani anayependa kufikiri habari za kuanguka asubuhi ya kufungua duka? Mashine zao zilipoanguka, hapakuwa na picha.

Kwa sababu hiyo kampuni ya Red Hat, inayotayarisha mfumo endeshi wa Linux kwa maofisi, iliweka neno moja jipya katika toleo lake la 6, mwaka 2010. Msimamizi aliandika tu kwamba kompyuta ijipimie yenyewe, na kiini kikapiga hesabu. Wale wanaosimamia Linux yenyewe hawakuikubali hesabu hiyo iingizwe katika kiini cha wote, maana kipimo kama hicho hutegemea mambo mengi yanayobadilika. Katika toleo la 9, mwaka 2022, Red Hat waliliondoa neno lile. Badala yake wakaweka orodha ya viwango vilivyo wazi, ambavyo hutumika ikiwa mtu hakuandika chake. Kwa kompyuta za aina ya kawaida orodha ni hii. Mwalimu, iandike ubaoni, nje ya ile kona:

Kumbukumbu chini ya gigabaiti 1: hakuna kinachotengwa.
Gigabaiti 1 na zaidi, isiyofika 4: megabaiti 192.
Gigabaiti 4 na zaidi, isiyofika 64: megabaiti 256.
Gigabaiti 64 na kuendelea: megabaiti 512.

Wanafunzi, tupige hesabu. Gigabaiti 1 ni megabaiti 1,024. Kompyuta yenye gigabaiti 2 ina megabaiti 2,048. Inatengewa 192. Hiyo ni karibu sehemu moja katika 11. Kompyuta yenye gigabaiti 8 ina megabaiti 8,192. Inatengewa 256. Hiyo ni sehemu moja katika 32. Kompyuta kubwa yenye gigabaiti 128 ina megabaiti 131,072. Inatengewa 512. Hiyo ni sehemu moja katika 256.

Mmeona? Mdogo anatoa moja katika kumi na moja, mkubwa anatoa moja katika mia mbili hamsini na sita. Wazee wanaokumbuka kodi ya kichwa wataitambua mara moja hesabu ya namna hii.

Lakini tuwe waadilifu. Hapa hapana hila ya mtu. Chungu cha mtu mmoja kinahitaji mafiga matatu, na chungu cha watu kumi kinahitaji mafiga matatu. Huwezi kupika kwa figa moja na nusu kwa kuwa wewe ni maskini. Kiini cha pili nacho kina mafiga yake: lazima kijipakie chenyewe, kiitambue diski, kiwe na nafasi ya kushikia kurasa kinazozinakili. Mahitaji hayo hayapungui sana kwa kuwa kompyuta ni ndogo. Tena huweza kuongezeka. Diski iliyofungwa kwa ufunguo wa siri, mathalani, huhitaji kumbukumbu nyingi ili ifunguliwe, na kiasi kinachotosha katika mashine nyingine hakitoshi katika hiyo.

6. Nani anayeamua?

Jambo la kuangaliwa sana limo katika mstari wa kwanza wa orodha yetu. Chini ya gigabaiti 1, hakuna. Mashine ndogo kabisa haitengewi kona. Sababu yake inaeleweka: mwenye kipande kimoja cha muhogo hawezi kuweka akiba, atakila chote. Lakini matokeo yake ni kwamba mashine ndogo huanguka kimya, na mashine kubwa huanguka ikiacha ushahidi.

Mwelekeo huo unaendelea. Mfumo endeshi uitwao Ubuntu, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2004, ulianzishwa na Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la Kibantu lenye maana ya utu. Katika toleo la Oktoba 2024 Ubuntu iliamua kwamba picha ya kumbukumbu itayarishwe tangu mwanzo, bila mtu kuomba. Ni hatua njema. Lakini sharti moja ni kwamba kompyuta iwe na angalau gigabaiti 6 za kumbukumbu, na nafasi kubwa katika diski. Kompyuta kuukuu ya shule au ya zahanati, iliyokwisha kutumika kwingine kabla ya kuletwa huku, huenda isifike kipimo hicho.

Fikirini basi. Kiwango kimewekwa na watu walio mbali. Hawakuwa na nia mbaya, tena wanajua kazi yao. Lakini kiwango kinachowekwa tangu mwanzo ni uamuzi uliofanywa kwa niaba ya mtu asiyekuwapo. Na kwa kuwa watu wengi hawabadilishi walichokikuta, uamuzi huo hugeuka kuwa kama sheria. Fundi wa Dar es Salaam au wa Tanga anayeufunga mtambo hana budi kujiuliza: je, kiwango hiki kinaifaa mashine hii, yenye ukubwa huu, yenye diski hii? Kama hakifai, anaruhusiwa kukibadilisha. Ni mstari mmoja tu wa maandishi.

Tena haitoshi kuandika. Lazima kujaribu. Fundi mwangalifu huiangusha kompyuta makusudi kabla haijaanza kazi ya watu, aone kama picha inapatikana. Ni kama mvuvi anayetazama kamba ya nanga angali ufukweni. Akiisha kufika maji makuu na kusi imekaza, si wakati wa kugundua kwamba kamba imeliwa na panya.

Na mashine ndogo zisikate tamaa. Ipo akiba ya namna nyingine, ndogo mno, inayotumika katika simu nyingi za Android. Hapo hakitengwi chumba cha kiini cha pili. Hutengwa kipande kidogo tu, ambacho kiini kinachoanguka huandika humo maneno yake ya mwisho, na simu ikiwaka tena hayo maneno husomwa. Hayafikii picha nzima, lakini wosia wa mistari mitano ni bora kuliko kufa bila kusema neno. Penye nia hapakosi njia.

7. Ubao una siri

Neno la mwisho ni la tahadhari. Picha ya kumbukumbu hunakili kila kilichokuwa ubaoni. Haichagui. Kama wakati wa ajali kulikuwa na majina ya wagonjwa, au mishahara ya watu, au maneno ya siri ya kufungulia akaunti, yote yamo ndani ya picha. Anayempelekea fundi wa nchi ya mbali picha hiyo, amempelekea na siri za watu.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kwa hiyo picha hiyo yafaa ifungiwe, isomwe na wenye ruhusa tu, na ikiisha kazi yake ifutwe. Sanda ya mtu huwekwa kashani, haitandikwi barazani.

Basi, ndugu wasikilizaji, tumetoka katika vipete vya sumaku vya mwaka 1953, tumepita Tabora na Wizara ya Fedha, tumefika katika simu iliyo mfukoni mwako. Mambo yamebadilika mno, lakini shauri limebaki lilelile. Tenga mahali ungali mzima. Pasiguswe. Na awepo mwingine wa kufukua na kusoma. Kwa hili la kusoma, hata darasa lenu lina sehemu yake. Nchi ikiwa na watu wengi waliozoea kusoma na kuuliza sababu, mtambo ukianguka hatutalazimika tena kuchagua kati ya kumngoja mgeni na kuufukuza mtambo.

Maneno ya somo

Kumbukumbu ya kazi: mahali kompyuta inapofanyia kazi zake, umeme ukikatika hufutika.
Diski: mahali pa kuweka habari zinazodumu.
Mfumo endeshi: programu kubwa inayosimamia kompyuta yote.
Kiini: sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi.
Picha ya kumbukumbu: nakala ya yote yaliyokuwamo katika kumbukumbu wakati wa kuanguka.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini kiini kilichoanguka hakifai kuandika picha yake chenyewe? Toa mfano kutoka nyumbani kwako au kazini.
2. Kompyuta ina gigabaiti 16. Kwa orodha iliyo ubaoni, inatengewa megabaiti ngapi? Hiyo ni sehemu moja katika ngapi?
3. Zahanati ina kompyuta moja ndogo. Je, ni afadhali itumie kumbukumbu yote kwa kazi, au itenge akiba? Kila upande utoe sababu zake.
4. Taja kiwango kimoja katika maisha ya kijiji au mtaa wako kilichowekwa na mtu asiyekuwapo. Je, kimepata kujadiliwa tena?

Baada ya kujadili, mwalimu aufute ubao wote, lakini ile kona yenye mstari aiache mpaka kesho, wanafunzi wakija waione. Kwaherini, tutaonana hewani juma lijalo.